Ni Nani Aliyemwambia Binti Yenu Kwamba Hapendezi?



Huenda mmeyaona haya nyumbani kwenu. Binti wa miaka kumi na minne, ambaye juzijuzi tu alikuwa akicheza kati na wenzake pale nje bila kujali vumbi, sasa anasimama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Hataki kupigwa picha, na akipigwa anaichunguza, anaifuta, anataka nyingine. Siku moja anasema bila kumtazama mtu: "Mimi ni mweusi sana." Mama anacheka. Baba anasema ni mambo ya utoto, yatapita.

Mengi hupita kweli. Mengine huacha alama, na si zote ni alama za moyoni tu. Nyingine ni za ngozi na za figo.

Mkiwauliza wazazi wa Kibera au Kawangware chanzo ni nini, wengi watawajibu upesi: ni runinga, ni simu, ni wasanii wa siku hizi. Jibu hilo lina ukweli, nasi tutalitazama. Lakini ukurasa huu ni wa mume na mke, kwa hiyo nawaomba mtazame pia yale binti anayoyasikia kabla hajaishika simu. Mungu alipomkuta Adamu amejificha bustanini, alimwuliza ni nani aliyemwambia kwamba yu uchi. Hilo ni swali zuri kwa wazazi pia.

Ugonjwa wa zamani

Kwanza tuondoe wazo kwamba jambo hili lilianza juzi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal la Uingereza juu ya wagonjwa 60, watu wazima, waliotibiwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ugonjwa wao ulikuwa wa figo, ule unaofanya protini imwagike katika mkojo na mwili uvimbe, hasa uso na miguu. Madaktari waliwauliza wagonjwa hao juu ya vitu walivyokuwa wakivitumia, wakagundua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka mafuta ya kung'arisha ngozi. Mafuta hayo yalikuwa na zebaki, na zebaki hiyo ilipita katika ngozi ikaingia mwilini. Baadhi ya wagonjwa walipona baada ya kuacha kuyapaka.

Hebu tufanye hesabu. Msichana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 leo amepita miaka 70. Yeye ndiye nyanya wa mabinti wetu. Alipokuwa akinunua kikopo chake hapakuwa na simu ya mkononi, na nyumba zenye runinga zilikuwa chache. Matangazo ya mafuta kama Ambi yalimfikia kwa magazeti na kwa picha za ukutani. Lakini nadhani hata tangazo lisingeuza kitu kama hakungekuwa na watu karibu naye waliokwisha kumwambia ni rangi gani inayopendwa.

Serikali zimejaribu kupiga marufuku. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 ili ianze mwanzo wa 1969. Ilipiga vita sketi fupi, wigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Wanawake walisumbuliwa njiani na kwenye mabasi kwa sababu ya mavazi yao, jambo ambalo halikumfanya hata mmoja aipende ngozi yake. Rwanda ilifanya msako mkali madukani kuanzia mwishoni mwa 2018. Hapa Kenya, KEBS, shirika linalokagua ubora wa bidhaa, limekataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na limetangaza majina yake hadharani. Hata hivyo mnajua wenyewe ni wapi vinapatikana. Na pale visipopatikana vikiwa na majina yake, unapatikana mkorogo, mchanganyiko unaofungwa katika kikopo kisicho na maandishi, ambao hata anayeuuza hajui kilichomo.

Sitatumia nafasi kubwa kueleza madhara, ila wazazi wayajue. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka meusi yenye rangi kama ya kibuluu, hasa mashavuni, yaani kinyume cha kile mtu alichokitafuta. Tena mabaka hayo ni magumu kuondoka. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, ikapata michirizi, vidonda vikachelewa kupona. Ikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Zebaki huharibu figo. Mama mjamzito akiipaka, humfikia mtoto aliye tumboni. Na mama anyonyeshaye akimpakata mtoto kifuani, mtoto anapakwa naye.

Anayoyaona njiani na kwenye simu

Sasa tutoke nje tumfuate binti. Akipanda matatu ya 46 kutoka Kawangware kwenda mjini, mara nyingi kuna runinga juu ya kiti cha dereva, na humo nyimbo hazina mwisho. Wanawake wanaocheza mbele ya kamera wengi ni weupe kuliko wanawake waliomo ndani ya gari. Nje, mabango ya saluni yamechorwa nyuso za watu wasiofanana na wateja wanaoingia humo. Vijana walioketi kwenye kona wana neno lao: msichana mweupe ni "rangi ya thao", yaani rangi ya noti ya elfu moja. Tulitafakari neno hilo kidogo. Ngozi ya mtu imepewa bei, nayo ni bei ya noti yetu kubwa kuliko zote. Yule mwenye ngozi nyeusi amesikia bila kuambiwa kwamba yeye ni chenji.

Tangu KTN ilipoanza mwaka 1990 na vituo vingine kuifuata, jioni za familia nyingi zimejaa tamthilia za Mexico na nchi nyingine za mbali, ambamo anayependwa huwa na nywele ndefu laini na kiuno chembamba. Sisemi tamthilia hizo ni dhambi. Nyanya wengi wanazipenda kuliko wajukuu wao. Ila kitu kinachoingia kidogo kidogo kila jioni hakionekani kinavyoingia.

Kuna mfano mmoja wa kisiwani ambao hutusaidia kuona. Katika visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki, watu walikuwa na mtazamo kama wa wazee wetu: mwili mnene ni mwili uliotunzwa, na mtu akikonda ndugu zake huona aibu. Runinga ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker, daktari kutoka Marekani, aliwauliza wasichana wa shule maswali mwaka huohuo, akarudi mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna msichana hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apunguze mwili. Baada ya miaka mitatu tu, walikuwa kama 11 katika kila 100.

Ikiwa runinga ilifanya hivyo kwa miaka mitatu, simu inaweza kufanya zaidi, kwa sababu haimwonyeshi binti wanawake wa mbali peke yao. Inamwonyesha yeye mwenyewe akiwa amerekebishwa. Anajipiga picha na programu inamng'arisha uso, inamchonga pua, inamwondolea chunusi. Kisha anaziweka picha mbili pamoja na kuona kwamba yule wa kwenye kioo ndiye mbaya. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, ambayo inamiliki Instagram, zilitoka nje. Kampuni yenyewe ilikuwa imewauliza wasichana, na kati ya wale waliokuwa tayari wanauona mwili wao vibaya, karibu theluthi moja walisema Instagram iliwafanya wajione vibaya zaidi.

Zingatieni maneno hayo: waliokuwa tayari wanauona mwili wao vibaya. Simu iliwakuta hivyo. Nani aliwaanzishia?

Nyumba ya chumba kimoja

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Wengi wenu mnaishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, cha mabati au cha udongo, kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja kitanda cha wazazi, upande mwingine jiko, viti na godoro la watoto. Vitabu vingi vya malezi huandikwa kwa watu wenye milango ya kufunga. Ninyi hamna mlango huo. Mtoto husikia yote: mnavyoombana radhi, mnavyogombana juu ya kodi, na mnavyosemana miili.

Tuseme ni nyumba moja ya Gatwekera, kule Kibera, ama ya Gatina, Kawangware. Baba ametoka kibaruani amechoka. Runinga ndogo iko wazi, na mtangazaji mweupe anasoma habari. Baba anasema kwa mzaha, "Huyo sasa ndiye mwanamke." Mama anaendelea kusonga ugali. Hakuna ugomvi na hakuna aliyetukanwa. Nyuma ya pazia binti anafanya hesabu zake za shule, na amesikia.

Mwezi unaofuata mama ananunua kikopo kidogo kwa pesa ambazo zingetosha mboga za siku mbili. Anakificha nyuma ya sufuria. Baada ya wiki kadhaa baba anamwambia, "Mama watoto, siku hizi unang'aa." Binti amesikia tena. Hakuna mtu aliyemfundisha somo lolote, lakini ameelewa vizuri kwamba mwanamke hupendwa kwa rangi, kwamba rangi hununuliwa, na kwamba kikopo kiko nyuma ya sufuria.

Mkija kumkuta amejipaka, mtaanza na nani kumlaumu?

Kuna maneno mengine ambayo hatuyahesabu kuwa maneno. "Usicheze juani, utakuwa mweusi kama makaa." "Huyu alimfuata baba yake, lakini mdogo wake alibahatika." Mgeni akija, tunawajulisha watoto: "Huyu ndiye mrembo wetu, na huyu ana akili sana." Tunadhani tumewasifu wote wawili. Yule mwenye akili, kwa kuwa ana akili, ameelewa.

Na kuhusu unene mtoto anatumikia mabwana wawili. Sisi wakubwa tunakumbuka miaka ya UKIMWI, wakati mtu akikonda majirani walianza kunong'ona. Uganda ugonjwa huo uliitwa Slim kwa sababu ya jinsi ulivyowakondesha watu. Kwa hiyo shangazi akimwona binti amejaa kidogo humwambia kwa furaha, "Umenenepa, unapendeza!" Hapo hapo simu yake inamwambia kiuno kiwe chembamba na makalio yawe makubwa, umbo ambalo wasichana wachache sana huzaliwa nalo. Katika kutafuta umbo hilo wapo wanaomeza vidonge vinavyouzwa kwa kunong'onezana. Vingine ni dawa halali za hospitali, kama deksamethasoni, ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mwili huvimba kwa sababu una madhara wala si kwa sababu una afya.

Wavulana nao wana yao, ingawa hawasemi. Mtaani Kibera mtawaona wakinyanyua vyuma walivyovitengeneza kwa kumwaga saruji ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia, na mimi nausifu ubunifu huo. Afadhali huko kuliko kijiweni. Lakini kijana mwembamba ambaye baba yake humwita "kuni" hanyanyui mkebe ili awe na afya. Ananyanyua ili jina lile liondoke.

Mume na mke waanze wapi?

Waanze wao kwa wao, na waanze kwa kuacha kabla ya kuongeza. Kutunga sifa nzuri ni kazi, na wanaume wengi wakilazimishwa husema maneno ambayo hata wao hawayaamini. Kuacha kulinganisha ni rahisi zaidi. Baba, usimlinganishe mke wako na mwanamke wa kwenye runinga hata kwa mzaha, wala usimlinganishe na alivyokuwa kabla hajawazalia watoto watatu. Tumbo lenye michirizi ndilo lililowabeba hao walio nyuma ya pazia. Mama nawe, kitambi cha baba, upara wake au ufupi wake usiwe kichekesho mbele ya wanawe. Yule mvulana mfupi anahesabu.

Mtazungumza wapi ikiwa nyumba haina faragha? Tafuteni njia. Wengine hutumia Jumapili, watoto wakitangulia nyumbani baada ya Misa, nao wakitembea nyuma polepole. Hapo mume anaweza kuuliza swali ambalo wake wengi hawajawahi kuulizwa: "Kuna neno lolote nililolisema juu ya mwili wako ambalo bado linakuuma?" Akilitaja, usijitetee. Usiseme ulikuwa ukicheza. Sikiliza mpaka mwisho.

Ikiwa mke anatumia mkorogo, amri ya "acha leo" haitoshi, hasa ikitoka kwa yule aliyekuwa akisifu matokeo. Aende kituo cha afya akiwa na kikopo chake, aseme amekitumia muda gani. Mkojo wake upimwe ili ijulikane figo zinaendeleaje. Mafuta yenye steroidi yakiachwa ghafula ngozi inaweza kuwasha na kuwa nyekundu hata mtu ashawishike kuyarudia, kwa hiyo ni vema aongozwe na daktari. Akiwa mjamzito, asisubiri wiki ijayo. Na mume aende naye. Kukaa kwenye foleni pamoja ni maneno pia.

Kwa binti ni vivyo hivyo. Kumchapa kutamfundisha kuficha kikopo vizuri zaidi. Mama amwambie ukweli wake mwenyewe ikiwa naye alipitia hapo. Mweleze kwamba weusi wa ngozi si uchafu wa kusuguliwa. Watu wote, weusi kwa weupe, wana karibu idadi ile ile ya chembechembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tofauti ni kiasi cha rangi kinachotengenezwa, na rangi hiyo humkinga mtu na jua. Wazazi waliolea mtoto mwenye ualbino wanajua thamani ya kinga hiyo kuliko sisi wengine.

Msivunjike moyo mkiona maneno yenu hayamwingii. Lupita Nyong'o, aliyekulia hapa Nairobi katika nyumba ya watu wenye elimu na nafasi, alieleza katika hotuba huko Marekani mwaka 2014 kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe. Mama yake alimwambia kwamba uzuri hauliwi, haumshibishi mtu. Yeye hakuelewa, wala hakufarijika. Kilichomgusa kwanza ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi kabisa kutoka Sudan Kusini, akisifiwa na ulimwengu. Ila miaka mingi baadaye, akiwa amesimama mbele ya watu mashuhuri, neno alilolirudia lilikuwa lile la mama yake. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, maana yake nyota kwa Kijaluo, juu ya msichana mweusi kuliko wote wa nyumbani kwao.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Umaskini si chanzo cha jambo hili, wala kuhamia mtaa wenye nyumba za mawe hakuliponyi. Na mtoto anahitaji kuona kwa macho yake pia. Ukutani mwenu pana picha za nani? Picha ya arusi yenu ipo? Picha ya nyanya akiwa kijana, mweusi na amesimama wima? Picha moja ya namna hiyo, na baba anayeweza kusema mbele ya watoto kwa nini alimwoa mama yao, hufanya kazi ambayo kukataza simu hakuwezi kuifanya.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili

Ulipokuwa na miaka kumi na minne, ni neno gani ulilolisikia nyumbani juu ya mwili wako, na nani alilisema?

Katika watoto wetu, ni yupi tunayemsifu sura na ni yupi tusiyemsifu? Huyo wa pili anajua?

Tunapotazama runinga pamoja, ni maneno gani hututoka bila kufikiri?

Kuna kikopo nyuma ya sufuria?